Nionyesheni meli inayotoka Mombasa nipande

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika kwa ukurasa huu wiki chache zilizopita akisema ati Wakenya wanaokwenda kupanda meli za kitalii huko nje ni watu wa kujionyesha tu, bahari tunayo, Mombasa tunayo, hizo pesa zingebaki nyumbani. Hiyo barua niliisoma nikiwa ndani ya matatu ya Donholm, jam ya Jogoo Road imesimama kabisa, nikacheka halafu nikakasirika kidogo manake anayesemwa hapo ni mimi. Desemba iliyopita tulienda hiyo safari, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, mara yetu ya kwanza, na meli tuliipandia Durban, Afrika Kusini. Sasa namwuliza ndugu yangu kwa heshima tu, hiyo meli ya Mombasa inatoka siku gani, inaenda wapi, na tiketi yake inauzwa wapi? Kwa sababu hiyo ndiyo niliitafuta kwanza.

Wazo lilitoka kwa Nekesa, binti yetu wa miaka kumi na tatu. Aliona video ya meli ina mabwawa ya kuogelea juu kabisa, akaja jikoni na simu akaniwekea usoni. Nikamwambia hizo ni za wenyewe, kuna sukuma inaungua hapa. Lakini mimi kazi yangu ni uhasibu, niko Industrial Area mwaka wa kumi na moja sasa, jambo likiniingia kichwani lazima nilipigie hesabu ndio nilale. Na pesa kidogo ilikuwepo. Mimi na Baba Nekesa tulikuwa tunawekeana elfu tano elfu tano kila mwezi, miaka mitatu bila kugusa, ilikuwa ya ploti huko Joska tukashindwana bei na mwenye shamba. Tukasema basi mwaka huu tutembee, ploti haina miguu.

Nikapigia maajenti watatu hapa mjini nikiuliza meli ya kutoka Mombasa, hata ya siku tatu tu, iende Zanzibar irudi. Wa kwanza alinicheka, kicheko cha adabu lakini nilikisikia. Wa pili akataka kuniuzia jahazi la kula chakula cha jioni, masaa matatu mnazunguka hapo hapo halafu mnarudi. Wa tatu ndiye aliniambia ukweli, akasema "madam, meli zikija Mombasa zinashusha watu, hazipakii." Hayo maneno sijayasahau mpaka leo. Zinafika asubuhi, wageni wanashuka, wengine wanapelekwa Fort Jesus wengine Tsavo, jioni wanarudi ndani honi inalia wanaenda zao. Wewe Mkenya kazi yako ni kuwauzia vinyago hapo getini.

Ndio tukaangukia Durban. Afrika Kusini Mkenya haombi viza tangu Januari 2023, unaingia na paspoti yako mpaka siku 90 kwa mwaka, na meli kubwa huja pale kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, wakati Ulaya ni baridi na hazina kazi kule. Sisi tulichukua ya siku nne, kutoka Durban kwenda upande wa Msumbiji, kushuka kisiwani karibu na Inhaca, halafu kurudi.

Wacha niseme kuhusu bei kwa sababu najua kuna watu wanasoma hii wakiwa wameona tangazo. Ile bei ya kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, mkiwa wawili ndani ya chumba kimoja, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Haina ushuru wa bandari, haina pesa ya huduma ambayo inakatwa kila usiku kwa kila kichwa utake usitake, haina soda, haina waifai, na zaidi ya yote haina ndege ya kukufikisha kwa hiyo meli. Ajenti wetu hakutuambia habari ya pesa ya huduma mpaka tukiwa tumeshalipa dipoziti, na nilipomwuliza mbona hukusema akanijibu "lakini madam iko kwa fomu", na kweli ilikuwa kwa fomu, ukurasa wa sita, herufi za size ya chungu. Mhasibu mzima nikapitwa. Kitu kimoja kizuri ni kwamba mtoto akiwa wa tatu kwa chumba cha wazazi analipiwa kidogo sana, kwa hivyo Wafula wa miaka minane alilala na sisi kwa kitanda kinachoshuka kutoka ukutani, na Nekesa akakaa na nyanya yake chumba cha jirani.

Na kadi ya njano msiisahau. Ukitoka Kenya, Afrika Kusini wanataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hiyo chanjo inahesabika siku kumi baada ya kudungwa, si kesho yake. Ukishadungwa mara moja inatosha maisha. Shida ilikuwa Mama, yaani mama mkwe, ana miaka 67, na ukishapita sitini daktari lazima akuangalie kwanza aamue kama inakufaa manake kwa wazee ina hatari zake, tukaenda hospitali mara mbili kwa hiyo kitu tu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia tulibeba, hakuna aliyeviuliza lakini wanaweza kuuliza.

Sasa Mama. Mama mkwe wangu ni mtu wa Bungoma lakini miaka ya tisini alikuwa anaishi Mtongwe, marehemu mzee alikuwa kibarua bandarini. Wenye umri mnaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaza watu kupita kiasi wanaenda kazini, wakafa watu 272. Mzee alikuwa apande hiyo hiyo. Alichelewa kwa sababu ya shati, Mama alikuwa ameiosha usiku ikakataa kukauka akawa anaipiga pasi ya makaa, na mzee anagombana mlangoni kwamba atakatwa pesa. Wakasikia mayowe wakiwa bado wanabishana. Tangu siku hiyo Mama hakutaka tena kuvuka maji, hata feri ya Likoni alikuwa anaikwepa, na mwaka uliofuata walirudi Bungoma moja kwa moja. Kwa hivyo tulipomwambia habari ya meli hakusema la, alinyamaza tu siku mbili akichambua mboga, halafu akamwuliza mume wangu, "hiyo yenu huwa wanahesabu watu?"

Ndege ya hapa mpaka Johannesburg ni kama masaa manne, halafu nyingine kama saa moja mpaka Durban. Tulilala Durban usiku mmoja manake ukichelewa meli haikungoji, si kama matatu ati utapiga mbio uidandie stegi inayofuata. Asubuhi tukafika bandarini, foleni, mizigo inapita kwa mashine kama ya eapoti, mara naona begi la Mama limetolewa kando na askari mwanamke anauliza hili ni la nani. Kufungua ndani, chini ya leso, kuna koili ya kuchemshia maji, ile ya kutumbukiza kwa jagi, na thermos, na robo kilo mbili za majani ya chai. Yule askari akasema thermos sawa, majani sawa, koili haiingii, vitu vyote vya kuchemsha na pasi za nguo haviruhusiwi melini kwa sababu ya moto. Mama akamwangalia akamwambia kwa Kiswahili, pole pole, "mwanangu, mimi niende kuchoma meli nikiwa ndani na wajukuu wangu?" Yule dada hakuelewa neno hata moja lakini alicheka, akaifunga koili kibandiko cha namba, akampa karatasi ya kuichukulia akirudi. Hiyo karatasi Mama aliifunga kwa pembe ya leso siku zote nne.

Kitu kilichonigusa zaidi kwa safari yote hakikuwa bwawa wala shoo za usiku, ilikuwa lile zoezi la usalama. Kabla meli haijang'oa nanga kila mtu anaambiwa aende kwa kituo chake, kimeandikwa kwa kadi ya chumba, na inapigwa honi saba fupi na moja ndefu. Watoto wanafungwa bangili mkononi yenye alama ya kituo ili wakipotea kila mfanyakazi ajue pa kuwapeleka. Vijana wengi walikuwa wamekunja uso, wanataka kwenda baa, mmoja karibu na sisi alikuwa anajichukua picha na boya. Mama alisimama wima mbele kabisa kama yuko kanisani. Alivaa jaketi akafunga kila kamba, akamfungia Wafula, halafu akaniambia niulize yule ofisa boti za kuokoa zinatosha watu wote ama zinatosha wenye pesa. Niliona aibu lakini nikauliza. Yule ofisa hakucheka, akasema sheria ya kimataifa ya bahari inataka nafasi zizidi watu, boti na maboya ya kujaza upepo pamoja ni asilimia 125 ya wote waliomo. Akasema pia zamani zoezi lilikuwa linaweza kufanywa ndani ya masaa 24 baada ya kuondoka, lakini baada ya ile meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba Italia Januari 2012 wakafa watu 32, na wengine walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo hawajafanya zoezi, sheria ikabadilishwa. Nikamtafsiria Mama. Akasema, "kwa hivyo hawa walijifunza." Akavua jaketi akalikunja vizuri akalirudisha, na usiku huo akalala.

Alilala sana hata, manake chumba hakina dirisha na ukizima taa ni giza la kaburini hujui kama ni usiku ama mchana. Halafu Durban wako nyuma yetu saa moja, na Mama alikataa kata kata kubadilisha saa yake, ati saa yangu ni ya Kenya, kwa hivyo kila siku alikuwa anaamka anaoga anavaa anamvuta Nekesa mpaka kwa mlango wa bafe wakiwa wa kwanza, wanakuta watu bado wanapanga vijiko. Nekesa alilalamika siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akazoea, akaniambia mum jua likitoka baharini halikai kama jua la Donholm.

Chakula ni kingi hadi inakuwa aibu. Mume wangu siku ya kwanza alijaza sahani kama mtu wa harusi ya bure, ya pili hakuweza kuona bakuli la mayonezi. Ugali hakuna, kuna pap ya Afrika Kusini ambayo ni kama ugali uliolegea, Mama aliionja akasema huyu aliyepika alikuwa na haraka. Chai ndio ilikuwa msiba. Maji moto, kijifuko, na maziwa ya kwa kijipaketi ukubwa wa kidole gumba. Mama alikoroga, akanywa, akaweka kikombe chini akasema "haya ni maji yamepita karibu na chai."

Aliyemwokoa ni kijana mmoja wa Likoni, nitamwita Hamisi, si jina lake, sitaki aingie matatani. Yeye ndiye alikuwa anasafisha vyumba vya upande wetu. Tulikuwa tunaongea Kiswahili koridoni akageuka na mashuka mkononi, "shikamoo mama, nyinyi ni wa wapi?" Hakuna kitu kitamu kama hicho kusikia katikati ya bahari. Mama alimshika mkono hakumwachilia dakika tano, akamwuliza mtaa, akamwuliza mama yake anaitwa nani, nusura wawe jamaa. Tangu hapo kila asubuhi Hamisi alikuwa anaongea na mtu wake wa jikoni, thermos inachukuliwa na majani ya Mama yanaenda nayo, inarudi imejaa chai ya maziwa ya kuchemshwa kisawasawa. Sijui kama inaruhusiwa, sikuuliza.

Huyu Hamisi ndiye alinifanya nianze kufikiria hii barua kabla hata yule msomaji hajaandika yake. Amesomea mambo ya bandari hapo hapo Mombasa, yuko melini miezi minane bila kurudi nyumbani, kazi siku saba kwa wiki, na akasema kila mkataba mpya anapanda ndege kwenda kutafuta meli ilipo, mara Italia mara Dubai mara hapa Durban. Amezaliwa anaona meli kutoka mlangoni kwao, lakini hajawahi hata mara moja kuanza kazi Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Nikamwambia basi tuko sawa, na mimi nimepanda ndege mbili kuja kutafuta bahari.

Kisiwani hatukufika. Asubuhi ya kushuka tulikuwa tumeshavaa, watoto wamepakwa mafuta ya jua, Wafula ana ndoo yake, mara kapteni akatangaza upepo umezidi. Pale hakuna gati, meli inatia nanga mbali na watu wanapelekwa ufukweni na boti ndogo, sasa mawimbi yakiwa makubwa boti inapanda inashuka kando ya meli mtu anaweza kuvunjika mguu akikanyaga. Kisiwa tunakiona hivi, mchanga mweupe kabisa, karibu uguse. Wafula alilia mpaka akalala na ndoo. Kurudishiwa pesa? Walirudisha ile ada ya bandari ya siku hiyo, ya kununua mkate na maziwa, basi, na nilipouliza nikaonyeshwa kwa mkataba kwamba kapteni anaweza kubadilisha njia wakati wowote kwa usalama. Nilikuwa nimeanza kufura pale kaunta lakini Mama akanivuta gauni. "Aliyekataa kushusha watu ndiye mimi ningemtaka 1994." Sikuwa na la kujibu, nikarudi kuketi.

Usiku huo tukiwa tunarudi ndio bahari ilituonyesha. Upande ule kuna mkondo wa Agulhas, maji yanakimbia kwenda kusini kwa nguvu sana, na upepo wa kusini ukija kupambana nao mawimbi yanasimama kama ukuta. Mume wangu mtu mzima wa kilo tisini alilevywa na bahari mpaka akaanza kuniachia wosia. Hamisi akatuletea tufaha za kijani na biskuti kavu za chumvi, akasema ale hizo, ashuke katikati ya meli orofa za chini huko haitikisiki sana, na asiangalie simu. Mama akatoa tangawizi kwa mkoba, kumbe hiyo askari hakuiona. Yeye mwenyewe hakuugua hata dakika moja. Sijui ni nini hiyo.

Mambo ya pesa huko ndani nitayapitia haraka. M-Pesa haifanyi kazi, kila kitu kinaandikwa kwa kadi ya chumba na mwisho wanakata, na mwanzoni wanashikilia kiasi fulani kwa kadi yako ya benki ambacho kwetu kilikaa zaidi ya wiki mbili kuachiliwa. Simu zima kabisa ama weka ile hali ya ndegeni, mume wangu alisahau, simu ikajishikisha na mtandao wa setelaiti wa meli, krediti yote ikaenda kabla hajamaliza kusoma meseji ya kumkaribisha.

Sasa niseme ile iliyonileta. Nikirudi niliketi na risiti zote kwa meza nikapiga hesabu yetu sisi watano. Kwa kila shilingi mia tuliyotumia, zaidi ya hamsini zilienda kwa ndege na ile hoteli ya usiku mmoja. Yaani meli yenyewe, na chakula chote na vitanda na shoo na zile huduma za ukurasa wa sita, haikufika nusu. Kilichotumaliza ni kuifikia. Nikajiuliza, kama meli ingekuwa imefunga Kilindini ingekuwaje? Ningeenda Syokimau asubuhi, nipande treni ya SGR, mara ya mwisho nilipanda daraja la kawaida kwa 1,500, nishuke Miritini, Mombasa, mchana na jioni niko ndani ya meli nakula. Wafula angelipa nusu ya hiyo. Hakuna ndege, hakuna kulala hotelini.

Na mahali pa kupandia pameshajengwa! Gati namba 1 pale Mombasa ilitengenezewa jengo la abiria wa meli za kitalii, lina uhamiaji lina kila kitu. Zamani tulikuwa tunaambiwa ni maharamia, na ni kweli, Novemba 2005 ile meli ya kitalii Seabourn Spirit ilipigwa risasi na roketi karibu na Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, ikageuza ikaenda Shelisheli, na baada ya hapo meli zikatuogopa miaka mingi. Lakini Januari 2023 mashirika ya wenye meli wenyewe yaliondoa ile alama ya eneo la hatari kwa Bahari ya Hindi. Najua mwisho wa mwaka huo kelele za maharamia zilirudi kidogo, na Bahari ya Shamu nayo meli zikawa zinashambuliwa, na meli inayotoka Ulaya inafikiria mara mbili kupita huko. Sawa. Lakini hiyo yetu ya Durban ilikuwa imefika Durban tayari! Imeshazunguka, iko upande huu wa dunia miezi yote hiyo.

Na angalieni hiyo miezi. Novemba mpaka Machi, huo ni msimu wa upepo wa kaskazi. Mtu yeyote wa Pwani atakwambia kaskazi ndio wakati wa bahari nzuri, ndio majahazi ya Uarabuni na India yalikuwa yanakuja nayo, na kusi ikianza yanageuza. Kule Msumbiji hiyo hiyo miezi ndio ya vimbunga, Idai iliipiga Beira Machi 2019. Sisi tuko karibu na ikweta vimbunga hutufikia mara chache sana. Halafu mahali pa kupeleka watu hatukosi, Lamu iko kwa orodha ya UNESCO, Fort Jesus iko, Mji Mkongwe wa Zanzibar uko, zote kwa pwani moja, na Mombasa mpaka Zanzibar ni usiku mmoja tu umelala. Babu zetu walikuwa wanaifanya hiyo safari na tanga.

Najua kuna mtu atasema meli haiji mahali hakuna wanunuzi. Mimi nakubali kabisa, kule tulikuwa tumezungukwa na watu wa Johannesburg na Pretoria na Durban yenyewe, familia za kawaida, walimu, manesi, akina mama wa kanisa wamevaa sare, wazungu wazee walikuwa wachache kuliko nilivyodhani. Wenyeji ndio wanaijaza. Lakini hapa nani ametuuliza? Mbuga zetu zina bei ya mwananchi na bei ya mgeni na Wakenya wanajaza Nairobi National Park kila likizo. Ofisi yoyote inayohusika na bandari ama utalii ikisoma hapa, sihitaji hotuba, mimi nataka tarehe, bei ya mwananchi ikiwa na kila kitu ndani pamoja na ile ya huduma, na namba ya kulipia. Wekeni kwa gazeti hili hili, nusu ukurasa inatosha. Wikendi moja tu ya majaribio, Mombasa Zanzibar Mombasa, muone foleni ya Syokimau.

Kwa huyo msomaji aliyesema tunajionyesha, picha nimeweka kwa grupu la familia tu, na nyingi ni za Mama.

Siku ya kushuka Durban alikwenda moja kwa moja kwa ile meza ya vitu vilivyoshikwa, akafungua pembe ya leso, akatoa karatasi, akapewa koili yake. Pakiti moja ya majani ilikuwa haijafunguliwa, hiyo alikuwa ameshampa Hamisi asubuhi, na ujumbe mrefu wa kupeleka kwa mama yake. Koili iko Bungoma sasa, kile kibandiko cha namba hajakitoa. Juzi nilimpigia nikamwambia nataka kuandika gazetini kuhusu meli ya Mombasa. Akanyamaza vile hunyamaza. Halafu akauliza, ikitoka Kilindini si ng'ambo pale ni Mtongwe? Nikasema ndio Mama. Akasema basi hiyo ikianza nimkatie chumba chenye dirisha, la upande huo.

Mama Nekesa,
Donholm, Nairobi